Picha ya Yozefina na Simbi Iliyohama

Siku nilipokabidhi funguo za stoo ya rangi, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonitoa jasho kuliko zote kwa miaka thelathini na ushei. Nilimjibu kwamba ni uso wa mtoto mmoja wa kike, akacheka akidhani namtania. Sasa muda ninao, kibaraza ninacho hapa Majengo, na macho bado yanaona mistari ya daftari, basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye faili langu, na faili hilo mchwa wa Mpanda wamelisoma kwa makini kuliko afisa yeyote.

Nilianza kazi miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Nilitoka kwetu Inyonga juu ya lori la tumbaku, nikafika ofisini hapa Mpanda nikinuka tumbaku hata karani wa mapokezi akaniomba sigara. Barua yangu ilisema nimeajiriwa kuwa mchoraji. Kumbe uchoraji wenyewe ulikuwa mabango: Zahanati, Choo cha Wanaume, Usitupe Takataka Hapa. Kazi yangu ya kwanza nje ya mji ilikuwa bango la barabarani kule Sitalike, la kuwatahadharisha wapita njia juu ya viboko. Nilikuwa sijawahi kumtazama kiboko vizuri. Nilipomwona nilikuwa nakimbia. Nikachora kwa kukumbuka. Wiki iliyofuata dereva wetu alituletea habari kwamba watu wa Sitalike wanauliza nguruwe wanauzwa nyumba ipi.

Bango lile ndilo lililonikutanisha na Mzee Kasiano. Alikuwa Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyefundishwa rangi za mafuta na padri mmoja miaka mingi kabla ya uhuru, na picha zote za Njia ya Msalaba katika kanisa la kwao alizichora yeye. Ofisini alikuwa akihesabiwa fundi wa mabango kama mimi. Aliposikia habari ya nguruwe hakucheka. Alinituma nirudi Sitalike na penseli, nikae juu ya daraja asubuhi nzima nimtazame kiboko bila kuchora hata mstari, na siku ya pili ndipo nichore. Alisema mkono ukilitangulia jicho, unachora uongo. Nilirudi na kiboko aliyefanana na kiboko, na tangu siku hiyo akaanza kunifundisha.

Nyie mnanunua turubai ikiwa imeshavutwa kwenye fremu. Sisi tulitengeneza. Tulinunua kitambaa cha marekani dukani, tukaivuta juu ya fremu ya mninga mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Tukachemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe kupata gundi ya kuipaka, harufu yake ikafukuza watu ofisi ya jirani. Gundi ikikauka tulipaka rangi nyeupe iliyochanganywa na chokaa, mara tatu, tukisugua na msasa kila mara. Rangi zenyewe zilikuwa mirija michache ambayo yule padri alimwachia Mzee Kasiano alipoondoka, na mingine tuliagiza, ikaja kwa treni ya Tabora siku treni ilipopenda.

Basi ukajengwa ukumbi mpya wa mikutano pale mjini. Mkuu wetu wa ofisi, mtu mpole ambaye kitu pekee alichokiogopa duniani ni barua ya malalamiko, alituita akasema ukutani, mbele ya watu, itundikwe picha kubwa ya rangi za mafuta: binti mdogo aliyevaa mavazi ya asili, na chini yake kibao kisomeke Binti wa Mpanda. Alitaka mtu halisi, si katuni. Nilimtazama Mzee Kasiano nikingoja aseme ataichora. Akasema macho yake yameanza kuona nyuzi mbili penye uzi mmoja, na kwamba kijana ataichora, yeye atakaa nyuma yake. Kijana huyo nilikuwa mimi. Usingizi ulinihama siku mbili.

Mavazi niliyapata kwanza. Shangazi yangu Kalunde, dada mkubwa wa baba, alikuwa nayo kule Inyonga ndani ya kilindo, lile sanduku la gome la mti tunalotumia kwetu. Nguo yenyewe ilikuwa ya gome pia, iliyopondwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya kondoo, rangi ya udongo wa kichuguu. Palikuwa na mikufu ya shanga nyekundu na nyeupe, na utepe wa shanga wa kuvaa kichwani wenye simbi moja, gamba kubwa jeupe la baharini. Enzi hizo hakuna aliyevaa hivyo tena, hata ngomani. Shangazi alinikabidhi akaniambia nisiiache kwenye unyevu, na akauliza ni binti wa nani atakayevaa. Nikamjibu kwamba bado natafuta. Wakati huo ilikuwa kweli, naye akaniagiza nikimpata nimletee jibu.

Yozefina nilimpata bila kumtafuta. Nilipeleka suruali ikatiwe kiraka kwa fundi cherehani mmoja kwenye baraza la duka hapa Majengo, mtu mrefu mkimya aliyeitwa Laurenti. Chini ya meza yake alikaa binti yake wa miaka tisa akipanga vifungo kwa ukubwa. Aliinua uso akanitazama suruali, kisha viatu, kisha mimi, bila haraka, kama mtu anayekagua mali. Akamwambia baba yake jambo kwa Kirundi. Laurenti akatafsiri kwa aibu: mtoto anauliza mbona huyu bwana ana rangi ya bluu kwenye sikio. Niligusa sikio, na kweli ilikuwepo. Mtoto mwenye macho yale, nikajua nimempata.

Walikuwa wametoka Burundi kama wengine wengi wa miaka ile, wakapewa shamba kule Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na Laurenti akaruhusiwa kuja kushona mjini. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Mkuu hakuniuliza, nami sikumwambia. Shangazi aliniuliza, na nilipompata mtoto sikumpelekea jibu. Nawaandikia hili wazi kwa sababu katika kazi yetu makosa makubwa nimeona hayatokani na brashi.

Yozefina alikuwa akija baada ya shule pamoja na baba yake, aliyeleta mashati yake na kukaa dirishani akishona vifungo kwa mkono. Kumkalisha mtoto wa miaka tisa si jambo dogo. Mzee Kasiano aligundua dawa: alimtaka ahesabu kwa sauti jedwali la kuzidisha, na alipofika mara saba alikuwa akikazana kufikiri hata asiweze kutikisika. Mpaka leo nikisikia saba mara nane naliona lile paji la uso. Yozefina alinisimamia kama mkaguzi. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, nami kwa kutaka kumpendeza sikulichora. Alikuja mbele ya picha, akaangalia, akasema nimemchora mtu mwingine. Nikalirudisha kovu.

Hapo ndipo nilipojifunza rangi ya ngozi. Nilikuwa nimekamua nyeusi kutoka kwenye mrija, nikaichanganya na kahawia, uso ukatoka kama sufuria. Mzee Kasiano aliuchukua ule mrija wa nyeusi akautia mfukoni mwake, na ukiacha dakika tano tu, hakunirudishia mpaka picha ilipokwisha. Alinifundisha nitazame: juu ya paji palikuwa na anga, bluu kabisa, shavuni palikuwa na wekundu wa ile nguo ya gome, chini ya kidevu palikuwa na zambarau. Nilipaka nilivyoona, nikiogopa, na nilipopiga hatua tatu nyuma mtoto alikuwa ananitazama. Kuna furaha chache kazini zinazofanana na hiyo. Jioni mvua za kwanza zikanyesha, na kesho yake nikakuta kumbikumbi wameingia kwa dirisha na kunasa kwenye rangi mbichi. Nilishinda asubuhi nikiwatoa kwa sindano ya Laurenti. Bawa moja lilibaki kwenye bega la kushoto, na kama ukumbi haujapigwa rangi upya pamoja na picha, bado lipo.

Picha ilipokaribia kwisha, mkuu alileta wazee watatu waje kuitazama kabla ya uzinduzi. Wawili waliisifu sana. Wa tatu, aliyekuwa akiongoza kamati ya mila na aliyejua mila zote kwa maelezo yake mwenyewe, alisogea karibu mno, akarudi nyuma, akasema huyu mtoto anamfahamu. Huyu ni wa yule fundi cherehani wa Katumba. Wakageuka wote wakanitazama. Nikakubali. Mzee yule hakukasirika, alihuzunika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alisema wageni hawa ni watu wema, yeye mwenyewe anashonewa na Laurenti, lakini hawezi kuwaambia wajukuu zake kwamba Binti wa Mpanda ni huyo. Walipoondoka, mkuu alibaki nami. Alikuwa akitokwa jasho kunizidi. Alisema nguo ibaki, shanga zibaki, uso tu nibadilishe, na yeye atanitafutia mtoto mwingine. Nilikuwa na wiki tatu.

Nilimwendea Mzee Kasiano nikitegemea ataniambia la kufanya. Alinisimulia kwamba hata yeye aliwahi kubadilisha uso, wa Pilato, pale kanisani kwao. Alimchora akimwangalia jirani yake, na jirani alipojitambua akaacha kuja misa. Padri akasema heri Pilato apoteze sura kuliko kanisa kupoteza muumini. Mzee alikwangua, akaweka ndevu. Kisha akavuta droo, akatoa kisu cha kukwangulia rangi, akakiweka mezani mbele yangu.

"Pilato alikuwa ni Pilato," akasema. "Huyu ni mtoto. Kisu hicho hapo. Mimi sikishiki."

Akavaa kofia akaenda kula.

Habari katika mji wetu hazikuhitaji redio. Kesho yake Laurenti alikuja na Yozefina, akiwa amevaa shati lake la kanisani ingawa ilikuwa siku ya kazi. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Ndugu Sipriani, futa tu," akaniambia. "Sisi tulikuja hapa kutafuta amani. Hatukuja kutafuta picha."

Yozefina alikuwa akikitazama kile kisu.

"Ukishanifuta, utamweka nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa kulia wala kwa kulalamika. Alitaka kujua, kama alivyotaka kujua habari ya rangi sikioni. Nikamwambia sijui. Wakaondoka, nami nikakiweka kisu kwenye droo, nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda lori la kwenda Inyonga. Nguo ilikuwa ya Shangazi. Kama kuna mtu aliyestahili kuambiwa kwanza, na ambaye nilimficha, ni yeye.

Nilimkuta akichuja asali. Nilimweleza yote, tangu cherehani mpaka kamati ya mila, nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchuja. Kisha akanisema, na alinisema kwa muda mrefu. Sikuambulia hata neno moja juu ya Warundi. Yote yalikuwa juu yangu: kwamba alinituma nitafute binti na kumletea jibu, kwamba mtu anayechukua nguo ya ukoo na kunyamaza hana tofauti na mwizi wa mizinga, kwamba baba yangu alikuwa hivi hivi. Alipomaliza aliosha mikono, akaanza kufunga mzigo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda Mpanda kumwona huyo mtoto, kwani nilidhani anakwenda wapi.

Tulifika mchana, na hakutaka kupumzika. Nilimpeleka ofisini, nikamwita Laurenti na binti yake. Shangazi alimtazama Yozefina kwanza, muda mrefu, akamshika kidevu akamgeuza huku na huku. Yozefina naye akamkagua vilevile, viatu mpaka kilemba. Ndipo Shangazi akageukia picha. Nilikuwa nimeivua kitambaa. Aliikaribia, akaweka mkono mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Sipriani, baba," akasema alipopata pumzi, "umemfanya mtoto wa miaka tisa mjane."

Sikuelewa. Akanionyesha simbi. Nilikuwa nimemfunga Yozefina ule utepe wa kichwani huku simbi ikiwa upande wa kushoto, juu ya sikio, kwa sababu ilipokea mwanga vizuri na iliipendezesha picha. Shangazi akaeleza kwamba kwetu simbi ya mtoto hukaa katikati ya paji. Ya mke hukaa kulia. Kushoto huhamishwa na mwanamke aliyefiwa na mume, siku ya kuondoa matanga. Mzee Kasiano, aliyekaa nyuma yangu miezi yote ile, akasema kwa Wapimbwe hayo hayakuwepo, naye hana hatia.

Shangazi akataka kuonana na wazee. Mkuu wetu alijaribu kusema kikao kinahitaji taarifa ya maandishi, lakini alikuwa hajawahi kubishana na mwanamke wa Inyonga aliyekuja na asali. Asubuhi ya pili wazee watatu walikuja, Laurenti na Yozefina nao wakiwepo, mtoto akiwa amevaa mavazi ya picha. Shangazi aliwasalimia kwa adabu zote, akawaambia yeye ndiye mwenye nguo, na amekuja kwa sababu picha ina kosa kubwa la mila. Mwongoza kamati akasema afadhali, hata wao walishaliona. Shangazi akawauliza ni lipi. Wakamwonyesha uso. Akasema waangalie vizuri. Wakaangalia vizuri, nguo, shanga, mikono, wasilione. Ndipo akawaonyesha simbi.

Yule mzee wa tatu alijua mara moja. Mama yake alikuwa Mkonongo kama sisi wa Inyonga, na nadhani alimkumbuka. Alikaa chini, akavua kofia.

"Mmeona kilichokuwa sawa mkakiita kosa," Shangazi akawaambia, na sauti yake haikuwa kali. "Kosa lenyewe mkalipita. Sasa nisikilizeni. Hakuna mtoto aliyezaliwa na shanga kichwani. Wote tulivishwa, na aliyetuvisha ndiye wetu. Huyu nimemvisha mimi."

Akamwita Yozefina, akamvua ule utepe, akamfunga upya yeye mwenyewe mbele yao, simbi katikati ya paji, akakaza fundo, akamwambia kuanzia leo amwite bibi. Yozefina alimwangalia baba yake. Laurenti alikuwa ameinama akitafuta kitu sakafuni, na hakukuwa na kitu sakafuni. Yule mzee akasema kwamba kama mwenye nguo amesema, kamati haina la kuongeza, ila simbi ihame haraka. Mkuu akauliza kama hilo litaandikwa.

Simbi ikahama. Nilikwangua ile ya kushoto kwa kile kisu, nikajaza nywele mahali pake, nikachora mpya katikati, Shangazi akiwa amekaa karibu kunizuia nisiwe fundi kupita kiasi. Simbi ya katikati ilinisumbua kwa sababu ilipambana na macho. Mzee Kasiano akanirudishia mrija wa nyeusi kwa dakika tano, nikatia kivuli chembamba chini ya simbi, akaudai tena. Picha ikatulia. Afadhali niseme ukweli wa kifundi: ilikuwa nzuri kuliko mwanzo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Kitambaa kilipovutwa akina mama waliokaa nyuma wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi akauliza mtoto huyu ni wa nani. Mkuu wetu, ambaye kwa wiki tatu aliogopa swali hilo, alisimama, akafuta miwani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni kwamba ni mjukuu wa mama yule pale aliyetoka Inyonga, na binti wa fundi Laurenti, na kwamba wote wamo humu ndani. Yule mzee wa kamati akawa wa kwanza kupiga makofi. Laurenti alisimama kidogo, akainamisha kichwa, akakaa. Nguo yake mpya alikuwa ameishona mwenyewe, na mkono mmoja ulikuwa bado na uzi wa kushikizia pindo.

Watu walipotawanyika, Shangazi akaniambia kibao cha mbele kinatosha kwa wageni, lakini mwenye uso lazima aandikwe. Tuliigeuza picha, nikachukua brashi nyembamba ya mabango, nikauliza jina lake kamili. Yozefina Nshimirimana, akasema. Nikaandika kwenye ubao wa mninga wa nyuma, nikijivunia herufi zangu, maana huo ndio ulikuwa ufundi wangu wa kwanza. Akasogea, akasoma kwa kidole, akaniambia nimeruka herufi. Nikamwomba radhi, nikachovya kitambaa kwenye tapentaini, nikafuta. Safari ya pili alinitajia herufi moja moja, kwa sauti ile ya jedwali la kuzidisha, na hakuniruhusu nigeuze picha mpaka maandishi yakakauka na akayasoma tena mwenyewe, yote, kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho.